Aliyepiga ametengwa, aliyetukana bado anaongoza sala: kanisa lilipime vipi kosa la ulimi miongoni mwa wanaume?

Swali: Mkaazi wa Maweni, Malindi

Ndugu zangu katika Kristo, na wasomaji wengine mtakaopita hapa, ninawasalimu nyote. Ninaleta jambo ambalo limeigawanya jumuiya ya wanaume ya kanisa letu hapa Malindi, na kwa kuwa mimi ni mmoja wa wanakamati watakaoketi kulitazama upya, ningependa kusikia maoni ya watu wasiotujua kabla siku hiyo haijafika. Majina ya wahusika na ya kanisa nimeyaacha kwa makusudi, kwa sababu nia yangu ni kutafuta haki na si kumwaibisha mtu kwa mara ya pili.

Jambo lenyewe lilitokea ufuoni, mahali mashua zinapoteremshia samaki. Wanaume wawili, wote wamebatizwa na wote hushiriki Meza ya Bwana, walikuwa wamerudi na chombo kimoja baada ya kutega jarife usiku kucha, na walichopata kilikuwa kidogo. Lilipokwisha kutolewa fungu la chombo na fungu la mwenye nyavu, yule aliye mdogo kwa umri alilalamika kwamba fungu lake limepunguzwa. Nahodha, ambaye ndiye mkubwa wao, hakuizungumzia mizani wala hesabu. Alisimama mbele ya mabaharia, mbele ya akina mama wachuuzi waliokuwa na beseni zao, na mbele ya vijana wanaopara samaki, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia kwamba mtu anayelishwa na mkewe hana haja ya fungu, aende nyumbani akapike, kwa maana mwanamume wa nyumba ile anajulikana ni nani. Mke wa yule mdogo hufanya kazi hotelini, naye mwenyewe alikuwa amekaa bila kazi ya maana karibu msimu wote wa kusi. Baadhi ya watu walicheka. Yule mdogo alisimama kimya kwa muda, midomo ikimtetemeka, kisha akauinua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, uliokuwa umelazwa mchangani, akampiga nahodha kichwani. Nahodha alikimbizwa hospitalini, akashonwa.

Kanisa lilichukua hatua mara moja. Kabla ya Jumapili kufika, yule mdogo alikuwa amezuiwa kushiriki Meza ya Bwana na ameondolewa kwenye kwaya. Nahodha alitembelewa, akaombewa, akachangiwa fedha za matibabu, na Jumapili iliyofuata aliongoza sala ya wanaume akiwa na bendeji kichwani. Hakuna aliyemuuliza lolote kuhusu yale aliyoyasema.

Nilipokwenda kumtazama yule mdogo nyumbani kwake, hakujaribu kukana kosa lake. Aliniambia tu kwamba jeraha la nahodha limekwisha kufunga, lakini mwanawe wa darasa la tano ameulizwa na wenzake shuleni kama ni kweli kwamba kwao baba ndiye mama. Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo ninauliza. Je, mbele za Mungu neno la kumvunjia mtu heshima lina uzito gani likilinganishwa na pigo? Je, ni haki kanisa kuuadhibu mkono na kuuacha ulimi? Na mwanamume Mkristo anayetukanwa mbele ya wenzake kazini, mahali ambapo kunyamaza huhesabiwa kuwa ni woga, afanye nini ambacho si kunyamaza wala kupiga?

Jibu: Mwinjilisti Mstaafu, Gede

Ndugu yangu wa Maweni, amani iwe kwako. Nitasema wazi kwamba uamuzi wenu wa kwanza haukukamilika, na ninafurahi kusikia kwamba mtauketia tena.

Katika Mathayo sura ya 5 Bwana wetu anaanza na amri ambayo kila aliyekuwa akimsikiliza aliijua, ile ya kutoua. Wengi hudhani kwamba katika maneno yanayofuata anasema tusi na mauaji ni kitu kimoja. Mimi siisomi hivyo, kwa sababu yeye mwenyewe anataja hatua na anataja hukumu mbalimbali. Anachokataa ni desturi yetu ya kuanza kuihesabu dhambi pale damu inapotoka. Anairudisha nyuma mpaka kwenye hasira, kisha mpaka kwenye kinywa, anaposema kwamba “mtu akimfyolea ndugu yake, itampasa baraza”. Maana yake ni kwamba tusi lina kesi yake lenyewe na halingoji lizae pigo ndipo lishtakiwe. Ninyi mmelishtaki pigo na tusi mmeliacha lipite bila hata kuulizwa, na kwa kufanya hivyo mmewafundisha vijana wenu kwamba mtu mwenye ulimi mkali yuko salama kanisani maadamu mikono yake imetulia.

Soma pia mistari inayofuata, ule wa 23 na wa 24, uangalie ni nani anayeambiwa aiache sadaka yake mbele ya madhabahu. Ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Nahodha wenu alijua vizuri kwamba ndugu yake ana neno juu yake, na hata hivyo akasimama kuongoza sala. Bendeji haikumwondolea wajibu wa kwenda kupatana kwanza.

Sasa niruhusu nikupeleke katika kitabu cha Waamuzi, ambacho wahubiri wetu hukipitia mbio, kwa maana humo mna jambo linalofanana sana na lenu. Watu wa Efraimu wanatokea mara mbili wakiwa na lalamiko lile lile. Katika sura ya 8 wanamjia Gideoni na kumteta vikali kwa sababu hakuwaita alipokwenda kupigana na Midiani. Gideoni ametoka vitani, ana upanga na ana watu waliokwisha kuonja ushindi, na angeweza kuwajibu kwa ukali kama walivyomjia. Badala yake anawaambia kwamba masazo ya zabibu za Efraimu ni bora kuliko mavuno ya ukoo wake mwenyewe wa Abiezeri, na kwamba ni mikononi mwao Mungu alikowatia wakuu wa Midiani, Orebu na Zeebu. Hasira yao inatulia hapo hapo. Katika sura ya 12 Efraimu hao hao wanamjia Yeftha na kumwambia kwamba wataiteketeza nyumba yake naye akiwa ndani, na wanawaita watu wa Gileadi watoro. Safari hii jibu linakuwa upanga, na penye vivuko vya Yordani wanaanguka watu 42,000 wa Efraimu, Waisraeli waliouawa na Waisraeli wenzao.

Mara nyingi nimejiuliza ni nini kilichowatofautisha watu hawa wawili, kwa maana wote walikuwa mashujaa na hakuna mwoga kati yao. Nadhani jibu liko katika sura ya 11, ambapo tunaambiwa kwamba Yeftha alikuwa mwana wa kahaba, na kwamba ndugu zake walimfukuza wakimwambia hatarithi kitu katika nyumba ya baba yao. Walipomhitaji vitani, wazee wa Gileadi walimwendea wakampa ukuu, lakini hatusomi popote kwamba kuna mtu aliyemwomba radhi kwa maneno yale. Alipokuja mtu mwingine kuwaita watu wake watoro, alikuta kidonda ambacho hakijapata kutibiwa. Gideoni aliweza kutoa heshima kwa sababu hakuwa akidai heshima aliyonyang'anywa.

Ninayasema haya ili mnapomhukumu yule mdogo mjue kwamba maneno ya nahodha hayakumwangukia mtu mzima wa moyo, bali mtu aliyekaa msimu mzima akijiona hafai. Hilo halimwondolei hatia ya upondo. Yakobo amekwisha kusema kwamba hasira ya mwanadamu haiitendi haki ya Mungu, na angalipiga kwa nguvu kidogo zaidi leo tungekuwa tunazungumzia maziko.

Jibu: Dereva wa Boda, Muyeye

Mzee wangu Mwinjilisti, shikamoo. Nimeyafuata maneno yako kwa makini, lakini ninaomba nitoe upande wa sisi tunaoshinda na wanaume wenzetu kutwa nzima, kwa maana naona jambo moja halijasemwa.

Katika steji yetu, kama ilivyo ufuoni, utani ndio unaotuweka pamoja. Mtu akinunua viatu vipya atasemwa, akioa atasemwa, akiacha kuja mangweni kunywa tembo kwa sababu ameokoka atasemwa wiki nzima, na bado siku akipata ajali ni watu hao hao watakaochanga fedha kabla ndugu zake hawajapata habari. Kanisa likianza kuleta kila neno la kazini mbele ya kamati, nina hakika kwamba wanaume wachache waliobaki kwenye mabenchi wataondoka nao. Wengi wetu tayari tunaona kwamba kanisani mwanamume anatakiwa azungumze kama mgeni aliyealikwa chakula, na hiyo ni sababu mojawapo ya vijana wenzangu kubaki nje wakiwasubiri wake zao watoke ibadani.

Pia ninaomba tusilifanye jambo la kumgeuzia shavu la pili aliyekupiga kuwa jepesi. Ufuoni au stejini, mtu akikutukana ukanyamaza, kesho atakutukana mwingine, na keshokutwa utapewa fungu dogo zaidi kwa sababu imejulikana kwamba wewe husemi. Kuna hasara ya fedha ndani yake, na watoto hula kutokana na fedha hizo. Kwa hiyo mnapotushauri tuvumilie, tuambieni pia tutaishije baada ya kuvumilia. Simtetei aliyepiga. Ninasema tu kwamba kama hamna jibu la swali la tatu la ndugu wa Maweni, majibu ya maswali mawili ya kwanza hayatatusaidia huku barabarani.

Jibu: Mama wa Ganda

Ninawasalimu, baba zangu na ndugu zangu. Mada inawahusu wanaume, lakini ni sisi tunaowauguza na ni sisi tunaowazika, kwa hiyo mtaniruhusu niseme.

Mwanangu wa Muyeye, utani ninaujua, nami nimekulia ndani yake. Utani wa kweli una kujibiwa, kwa maana unayemtania anaweza kukurudishia na nyote mkacheka. Mtu aliyekosa kazi msimu mzima, akaambiwa mbele ya wachuuzi kwamba mkewe ndiye mume, angejibu nini ambacho kingewachekesha watu? Na aliyesema alikuwa mkubwa wake, mwenye chombo mkononi, tena katika saa ya kugawa riziki. Hapo utani haupo. Kuna mwenye nguvu anayetumia ulimi ili asiulizwe hesabu.

Ninataka pia mkumbuke kwamba sisi wa Kilifi tunaona kwa macho yetu neno linavyoua, na linaua hasa wanaume wazee. Mtoto anaugua au kijana anakufa, watu wanakusanyika matangani, na mtu mmoja, mara nyingi mpwa au hata mwana wa kuzaa, anasema kwa sauti ya chini kwamba sote tunamjua aliyefanya hivi. Hataji jina. Wanaosikia wanageuza macho kuelekea kwa mzee aliyeketi peke yake chini ya mwembe, na tangu jioni hiyo hakuna anayepokea chakula kutoka nyumbani kwake. Siku zinapita, kisha anakutwa amekatwa kwa panga njiani au kitandani mwake. Ukichunguza, mara nyingi unakuta kwamba kulikuwa na shamba lililokuwa likingojewa. Wapo wazee katika kaunti hii waliokwisha kupaka mvi zao rangi nyeusi kwa kuogopa kuitwa wachawi, na wapo waliokimbilia Kaya Godoma kule Ganze kwa sababu hawawezi kulala katika nyumba walizojenga kwa mikono yao. Hata serikali ya kikoloni iliona hatari hiyo, ndiyo maana Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilifanya kuwa ni kosa kumtuhumu mtu uchawi, isipokuwa kwa kupeleka malalamiko kwa mamlaka kama polisi au chifu. Wakuu wa serikali walijua kwamba neno hilo likishatoka, panga haliko mbali.

Nami nimewaona wanaume wa makanisa katika matanga hayo, wenye Biblia kwapani, wakisikia jina la mzee likitajwa na kuangalia chini. Hawakusema wao, ni kweli. Lakini hawakumwambia aliyesema kwamba anyamaze au alete ushahidi. Na sisi wa Malindi, tulioona zaidi ya miili 400 ikifukuliwa katika msitu wa Shakahola tangu mwaka 2023, ya watu walioambiwa kwa maneno ya mahubiri kwamba wafunge mpaka wafe, hatuwezi tena kusimama mbele ya mtu yeyote na kusema kwamba maneno ni upepo.

Jambo la mwisho. Tangu mwanzo wa mazungumzo haya hakuna aliyemtaja mke wa yule mdogo isipokuwa kueleza kwamba anafanya kazi hotelini. Tusi lilipita kwake. Kazi yake halali, anayoifanya ili watoto wasilale njaa, iligeuzwa kuwa aibu ya mumewe. Kamati itakapoketi, na yeye akumbukwe.

Jibu: Katekista, Lamu

Ndugu zangu, ninaandika kutoka Lamu, mahali ambapo sisi Wakristo ni wachache na tumezoea kupima mwenendo wetu mbele ya majirani Waislamu wanaotutazama kila siku. Njia za mji huu ni nyembamba kiasi kwamba punda aliyebeba mawe akipita watu hulazimika kujibana ukutani, kwa hiyo mtu uliyemtukana asubuhi utakutana naye bega kwa bega kabla ya adhuhuri. Labda ndiyo sababu wazee wa hapa hawapendi neno baya lilale. Jirani yangu mmoja, mzee wa Kiislamu, hupenda kuwakumbusha vijana wanaogombana gatini hadithi ya Mtume wao inayosema kwamba mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu kwa mieleka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapokasirika. Wakristo tunalo neno la namna hiyo hiyo katika Mithali 16:32, kwamba aitawalaye roho yake ni bora kuliko mtu atekaye mji. Ningependa vijana wetu walisikie kutoka kwetu mara nyingi kama wenzao wanavyolisikia lao.

Swali la dereva wa Muyeye ndilo zito kuliko yote, nami nitajaribu kulijibu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 13, aliyachambua mambo haya kwa undani ambao ulinishangaza nilipofundishwa mara ya kwanza. Anasema kwamba kumvunjia mtu heshima usoni si dhambi ndogo kuliko wizi, kwa sababu mwanadamu haipendi heshima yake chini ya anavyoipenda mali yake. Kuhusu utani, anakubali kwamba neno la mzaha lisilokusudia kumdhalilisha mtu si tusi, lakini anaongeza kwamba mtu asiyechunga ulimi wake katika mzaha hana udhuru, kama vile asivyo na udhuru anayempiga mwenzake kwa mchezo akamjeruhi vibaya. Kwa hiyo, ndugu wa Muyeye, hakuna anayetaka kuufunga mdomo wa steji. Linaloulizwa ni kama uliangalia mahali neno lako lilipotua.

Kuhusu shavu la pili, Tomaso anamfuata Mtakatifu Agostino, mwalimu wa Kanisa aliyemtangulia, katika kusema kwamba tunapaswa kuwa tayari moyoni kuligeuza, lakini si kwamba kila mara tunalazimika kufanya hivyo kwa mwili, kwa maana Bwana mwenyewe hakuligeuza alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu. Fungueni Yohana 18:23. Mtumishi aliyesimama karibu amempiga kofi, na Yesu anamjibu: “Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?” Hakurudisha pigo, hakurudisha tusi, wala hakunyamaza. Alimtaka aliyempiga alete ushahidi wa kosa. Alilirudisha shauri mahali lilipokuwa likikimbiwa.

Hebu tuyachukue maneno hayo mpaka ufuoni. Yule mdogo angeweza kusema mbele ya watu wale wale: “Nahodha, kama hesabu yangu ina kosa, lionyeshe hapa kwenye mizani, na kama haina kosa, mke wangu ameingiaje katika samaki hawa?” Hilo si jibu la mwoga. Linamwacha aliyetukana akiwa na swali mkononi, na waliocheka wanalazimika kutazama mizani. Najua kwamba mtu aliyechomwa moyo hawezi kulitunga jibu la namna hiyo kwa ghafla, ndiyo maana ninaamini kwamba jumuiya za wanaume zingefanya vizuri kuyazungumza mambo haya waziwazi kabla hayajatokea: neno gani huwa linatupandisha hasira, na tutajibu nini litakaposemwa. Sisi huku tumeanza kufanya hivyo baada ya ibada, tukiketi wanaume peke yetu, na nimesikia watu wazima wakitaja maneno waliyoambiwa na baba zao miaka mingi iliyopita ambayo hawakuwahi kumwambia mtu.

Mwenye swali: Mkaazi wa Maweni, Malindi

Ninawashukuru nyote kwa moyo wote. Mama wa Ganda, ni kweli kwamba hata mimi niliyeandika swali sikumhesabu mke wa yule ndugu kuwa ni mmoja wa waliokosewa, nami nitalisema hilo mbele ya kamati. Mzee Mwinjilisti, habari ya Yeftha nitaisoma pamoja na yule mdogo, nikipata ruhusa yake.

Nimeona kwamba sitapendekeza adhabu ya yule mdogo ifutwe, bali nahodha naye aitwe, aulizwe kuhusu maneno yake kama mwenzake alivyoulizwa kuhusu mkono wake, na asiongoze sala mpaka jambo hili limalizike. Najua wengine watapinga wakisema kwamba aliyeshonwa kichwa hawezi kugeuzwa mshtakiwa. Nitawasomea ule mstari wa baraza.

Limebaki jambo moja linalonisumbua, nalo ni namna ya kuwapatanisha. Wanakamati wawili wanataka wote wasimame mbele ya kanisa Jumapili na kupeana mikono, kisha mambo yaishe. Mimi naona haraka humo, lakini sijui nipendekeze nini badala yake. Mzee wangu, ungeanzia wapi?

Jibu: Mwinjilisti Mstaafu, Gede

Ndugu yangu, usikubali mikono hiyo ya Jumapili. Nimeshuhudia mapatano ya namna hiyo, ambapo mchungaji anapigiwa makofi na wagombanao wanatoka kila mtu kwa mlango wake, na mwezi haupiti kabla panga halijatajwa. Mathayo 18 inaanza na wawili wakiwa peke yao, kisha shahidi mmoja au wawili, na kanisa zima linakuja mwisho, iwapo yale ya kwanza yameshindikana. Ninyi mnataka kuanzia mwisho.

Mimi ningewaketisha kila mmoja na mzee anayemheshimu, siku tofauti, mpaka kila mmoja aweze kulitaja kosa lake bila kutaja la mwenzake. Hilo pekee laweza kuchukua majuma, na msiliharakishe. Baada ya hapo kila mmoja alipe alichoharibu. Kwa aliyepiga tunayo sheria iliyo wazi katika Kutoka 21:18 na 19, inayosema kwamba watu wakigombana na mmoja akampiga mwenziwe kwa jiwe au kwa ngumi, naye asife bali alale kitandani, aliyempiga atamlipa kwa ajili ya wakati alioupoteza na atamwuguza hata apone kabisa. Kwa hiyo matibabu ya nahodha na siku ambazo hakwenda baharini ni deni la yule mdogo, hata akililipa kidogo kidogo kutoka katika fungu lake, na michango ya waumini isilifute deni hilo kimyakimya, kwa sababu mtu anapolipa mwenyewe anapata pia kusimama tena.

Kwa aliyetukana, neno lirudishwe mahali liliposemwa. Lilisemwa ufuoni, mbele ya mabaharia, wachuuzi na wapara samaki, ambao wengi wao si wa kanisa lenu na wengine si Wakristo. Nahodha akiungama kanisani peke yake, waliosikia tusi hawatasikia toba, na yule mtoto ataendelea kuulizwa shuleni. Asimame pale pale, saa ya kugawa, aseme kwamba alichosema kilikuwa uongo na dhuluma, kisha hesabu ya fungu la siku ile ifunguliwe, kwa maana hatujui mpaka sasa kama lalamiko lilikuwa la haki, na ikibainika kwamba samaki walipunguzwa, walipwe.

Na kabla ya nahodha kutaja kazi ya mke wa mtu kwa mara nyingine mbele ya umati, hata kama ni kwa kuomba radhi, mke huyo aulizwe kwanza kama anataka itajwe. Akikataa, nahodha afuatane na mke wake mwenyewe waende nyumbani kwa mama huyo, akamwombe radhi huko mbele ya mumewe na mbele ya yule mtoto wa darasa la tano.